Hoteli inayokumiminia ramu tangu asubuhi, ukigonga mtu nayo ina lawama?

Mwana wa Ilala: Wadau, wiki iliyopita tumerudi kutoka Barbados, kisiwa cha Karibi, tulikwenda familia nzima kutoka Minnesota. Hoteli yenyewe umeshalipia kila kitu, ramu inamiminwa kabla hata ya chakula cha mchana. Ijumaa jioni tunaenda Oistins kula samaki, tukakuta gari la kukodi limepanda ukingo wa barabara. Mama wa pale kakaa chini, kandambili moja mguuni, mikate yake imetapakaa kwenye lami. Dereva, mgeni kama sisi, anarudia tu kwamba amekunywa glasi mbili. Huku Minnesota baa ikimuuzia mtu ambaye kila mtu anaona kalewa, kisha akaumiza mtu, baa inaweza kudaiwa fidia. Kwa nini hoteli isidaiwe?

Baba Naima: Mdomo ni wa nani? Mtu mzima hanyweshwi kama ndama. Tena msiisingizie ramu. Mimi nilitua pale kutoka Texas bila tone mdomoni, kipilefti cha kwanza nikaingia kulia, na wenzetu wanaendesha kushoto. Ningeua mtu na akili zangu zote.

Zuhura: Kaka, wewe ulikosea ukashtuka. Aliyekunywa hashtuki. Na ile ramu ya juisi wanaichanganya kwa kipimo chao: chachu moja, tamu mbili, kali tatu, hafifu nne. Ndimu na sukari vinaficha ukali, mtu anahesabu glasi kama anahesabu soda.

Chalinze: Aliyekulia Dar anasahauje kushoto? Wanaoogopa waende Visiwa vya Virgin vya Marekani, kule ni kulia kama Houston.

Mjukuu wa Tanga: SI KWELI. Kule ni kushoto, na usukani nao uko kushoto kwa kuwa magari yanatoka Marekani. Ukitaka kulipita lori, abiria ndiye anayechungulia mbele. Usiwape watu ushauri wa kuwapeleka kaburini.

Chalinze: Nimekosea, nakubali. Lakini kaburi limetoka wapi? Sema na mtu vizuri.

Otieno: Jamaica mwisho wa pombe kwa dereva ni maikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, sawa na kwetu Kenya kwenye alkoblo, kile kipima pombe cha polisi. Glasi za hoteli usijaribu kuzikadiria kwa macho.

Baba Naima: Zuhura, "hashtuki" ndiyo nini? Nina miaka 22 barabarani. Natoka harusini Mbezi na bia zangu tatu, nafika.

Zuhura: Asante kwa kusema mwenyewe. Kila harusi mnakunywa, na ndani ya gari kuna mwanamke hajagusa kitu, leseni anayo, ufunguo hapewi. Mimi ndiye huyo mwanamke. Nimekaa kiti cha nyuma nimemkumbatia mwanangu, tunayumba hadi Kimara, nakatazwa kusema nisimwaibishe baba wa watu mbele ya wageni.

Baba Naima: Hunijui, hujui nyumba yangu. Mke wangu anaendesha.

Zuhura: Ukitoka harusini?

Mjukuu wa Tanga: Mwacheni ajibu.

Chalinze: Wengine dada zetu usiku wanaogopa kuendesha, tuseme ukweli.

Zuhura: Wanaogopa kwa sababu usiku hamjawahi kuwaachia usukani!

Baba Naima: Swali lilikuwa la hoteli, mmelihamishia Mbezi.

Mjukuu wa Tanga: Wewe ndiye uliyetupeleka Mbezi, mzee.

Otieno: Kwa anayekwenda: kuna ZR, matatu zao, nauli dola 3.50 za Barbados, haifiki 2 za Marekani. Gari la kukodi liache hotelini. Namba zake zinaanza na H, mwenyeji akiiona anajua huyu ni mgeni na anampisha. Mwana wa Ilala, yule mama aliishia wapi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mwana wa Ilala: Goti lilivimba, hakuweza kusimama. Ambulensi ilimchukua. Mikate tuliiokota sisi, mwanawe akaja kuichukua.