Krimu ya zinki, mafuta ya mgando au poda kwa vipele vya nepi? Nataka kununua leo

MamaTumaini: Wadau, habari zenu. Mwanangu kachubuka makalioni, pamekuwa pekundu na nikimfuta analia sana. Nipo njia panda: ninunue krimu ya zinki, mafuta ya mgando au poda? Nitachukua kimoja tu, na natoka jioni hii. Mliowahi kutumia nishaurini.

BabaMapacha: Zinki, wala usihangaike na vingine. Tafuta yenye asilimia kubwa, zipo hadi 40. Inaganda juu ya ngozi, mkojo na kinyesi havigusi palipochubuka. Mafuta yanahamia kwenye nepi mapema mno.

Nesi_Mstaafu: Dada, hujatuambia mambo ya msingi. Mtoto ana umri gani? Unamvalisha nepi za kutupa au za kitambaa? Wekundu uko pale panapogusana na nepi tu, au umeingia ndani ya mikunjo ya mapaja? Anaharisha? Amekunywa antibayotiki karibuni? Ana homa? Bila majibu hayo tunakisia tu.

Bi_Rehema: Poda iondoe kwenye orodha. Vumbi lake mtoto akilivuta linaingia mapafuni, na ikilowana inafanya mabonge kwenye mikunjo na kuzidi kukwaruza. Mimi naamini mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Ni mepesi kupaka na hayamchomi mtoto.

BabaMapacha: Ya kukinga sawa. Ila hapa mtoto kashachubuka, Bi Rehema.

Bi_Rehema: Hata aliyechubuka yanamsaidia, ukipaka mengi kila unapobadilisha nepi. Watu wanapaka kidogo halafu wanalaumu mafuta.

Ua_la_Asubuhi: MamaTumaini, chochote utakachonunua, kaa mbali na zile krimu za mchanganyiko, tyubu moja yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe. Mwanangu wa kwanza alipata vipele kama hivi, tukashauriwa krimu hiyo kwenye duka moja la dawa. Siku za mwanzo ilionekana ya ajabu, wekundu ulikwisha haraka hadi nikaisifia kwa ndugu zangu. Kila tukiacha vinarudi vikali kuliko mwanzo, basi tunapaka tena. Mwishowe ngozi ya mapajani ikawa nyembamba, inang'aa, vimishipa vinaonekana. Daktari wa watoto alitueleza kwamba nepi inafunika ngozi kama bandeji, kwa hiyo dawa inapenya mwilini kwa wingi kuliko ukiipaka mkononi. Ngozi ilichukua muda mrefu kurudi hali yake. Steroidi makalioni mwa mtoto ni ya kuandikiwa na daktari, isiyo kali na kwa siku chache.

Nesi_Mstaafu: Asante kwa kulieleza hilo, nimewaona wengi wa namna hiyo. MamaTumaini, bado tunakusubiri.

MamaTumaini: Samahani, nilikuwa namlaza. Ana miezi 7. Mchana nepi ya kitambaa na kaptula ya plastiki juu yake, usiku ya kutupa. Homa hana. Alimaliza antibayotiki ya sikio wiki iliyopita, akaharisha kidogo. Wekundu umeingia kwenye mikunjo na kuna vipele vidogo pembeni.

Nesi_Mstaafu: Hapo swali limebadilika. Vipele vya kawaida huacha mikunjo kwa sababu nepi haiigusi. Vikiingia mikunjoni, na vingine vimetawanyika pembeni, baada ya antibayotiki, nafikiria fangasi. Zinki peke yake haiui fangasi. Mwangalie mdomoni kama kuna utando mweupe usiofutika, kisha mpeleke aonwe. Wataalamu hutumia krimu za kuua fangasi kama klotrimazoli au nistatini, na zinki hupakwa juu yake.

BabaMapacha: Kumbe. Ila zinki bado imo!

Kijukuu: Mimi naona tatizo ni hiyo kaptula ya plastiki. Inafungia joto na unyevu. Mhamishie za kutupa mchana na usiku mpaka apone, zinanyonya mkojo ukakaa mbali na ngozi.

Bi_Rehema: Za kutupa nazo watu wanazivalisha saa nyingi kwa kuwa hazionekani kulowa. Kitambaa kikilowa unajua papo hapo. Nimelea wote kwa kitambaa.

Kijukuu: Wote hawakuwahi kuchubuka?

Bi_Rehema: Walichubuka wakiharisha, kama mtoto yeyote. Kinyesi cha kuharisha kinachoma ngozi kuliko mkojo.

Ua_la_Asubuhi: Ya aina yoyote, abadilishwe kila baada ya saa 2 au 3, na akijisaidia haja kubwa papo hapo. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, umwache wazi kidogo. Vitambaa vya kufutia vyenye spiriti au manukato viache kwanza. Na zinki ikibaki safi msiikwangue yote, futeni uchafu wa juu tu mpake nyingine.

MamaTumaini: Mdomoni nimeona vidoa vyeupe ulimini. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki. Sasa hizi nepi za kitambaa nizichemshe, au jua linatosha?

Bi_Rehema: Chemsha, kisha anika juani.

Kijukuu: Kaptula za plastiki hazichemshwi, zitaharibika. Na suuza sabuni iishe kabisa.