Naomba ushauri: kukodi boti nzima kwa nusu siku Mombasa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mama yetu anatimiza miaka 70 Desemba, na tumeazimia kumtembeza baharini. Kazaliwa Mji wa Kale, Fort Jesus ameiona umri wake wote, lakini hajawahi kuitazama kutoka majini. Tutakuwa watu 9, watoto 3 wakiwemo, kwa hiyo twataka boti yetu peke yetu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana.

Nahodha mmoja atushauri tuanzie Nyali, tuingie hifadhi ya bahari, watoto waone samaki na matumbawe. Bei aliyotaja sijui kama ina mafuta na ada ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya, wenye hifadhi) ndani yake. Mwaka jana, na mtu mwingine, tulifika majini ndipo tukaambiwa ada ni juu yetu, na maboya ya kuvaa yote yalikuwa ya watu wazima. Sitaki yarudie.

Ninalohofia zaidi ni maji. Siku tuliyochagua ni ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Yakitoka sana, boti itaweza kusogea ufukweni, ama mama atalazimika kutembea juu ya miamba? Magoti yake hayawezi. Tungoje maji mafu, siku ambazo hayajai wala hayatoki sana? Ama tuondokee Mtwapa, apandie gatini?

Mliowahi kwenda na wazee, mliwapandishaje? Na je, ni sawa kutoa arubuni kabla sijaiona boti yenyewe? Nahodha anataka nusu ya pesa wiki hii.