Mjadala: Treni imefika Dodoma, mtu wa Gairo apande nini?

Ndugu zangu, kuna hoja naisikia sana tangu treni ya umeme ianze safari za Dar–Dodoma Julai 2024. Wanasema hivi: SGR, yaani hiyo reli mpya, inamfikisha mtu makao makuu kwa saa nne hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh 31,000 tu, kwa hiyo mabasi ya njia hiyo yamepitwa na wakati. Leseni zipunguzwe, barabara ipumue, ajali zipungue. Wanaosema hivyo wana sababu zao na nyingine ni nzito. Mimi napinga, na naomba tubishane huku ramani iko mezani.

Kwanza niseme wazi kwamba treni naipanda na naipenda. Njia hii nimeisafiri kwa basi miaka mingi, magoti yamebana kwenye siti ya mbele, saa nane, saa tisa, gari halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na hapo hujahesabu foleni ya Kibaha wala mizani. Anayetoka Dar na begi moja akiwa na shughuli ya siku moja wizarani, sina njia nyingine ya kumshauri. Apande treni.

Lakini tazameni ramani baada ya Morogoro. Barabara inapanda upande wa kaskazini: Dumila, Gairo, Pandambili, Kibaigwa. Reli inashika upande wake: Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu. Zikishaachana Morogoro hazikaribiani tena mpaka unapoanza kuiona Dodoma. Tunaongea kama vile treni na basi vinahudumia watu wale wale, kumbe kati ya miji hiyo miwili kuna wilaya nzima ambazo treni haizigusi. Mkulima anayepeleka mahindi soko la Kibaigwa, mwalimu wa Gairo anayefuatilia barua yake Dodoma, hao stesheni ya karibu nao ni ipi?

Safari moja nilikaa siti ya pili nyuma ya konda. Kibaigwa akapanda mama mmoja na mtoto wa kiume wa miaka kama sita, jicho la kushoto limefunikwa pamba na plasta. Mkononi ana bahasha ya kaki imelainika kwenye kona kwa kushikwa. Alikuwa anampeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kliniki ya asubuhi. Siti hazikuwepo, akampakata mtoto juu ya ndoo ya mtu. Konda akamtajia nauli, akafungua fundo la kanga, akahesabu, akahesabu tena, akalipa. Basi lile lilitoka Dar. Lilisimama Kibaigwa kwa sababu lilikuwa linapita.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Basi la mkoani linaishi kwa abiria wa mwisho wa safari. Watu arobaini waliokata tiketi ya Dar mpaka Dodoma ndio wanaolipa mafuta, dereva na matairi. Wa Dumila na Gairo wanapanda kwa mgongo wao. Sasa wale arobaini wakihamia kwenye treni, na wana haki ya kuhamia, mwenye basi hahitaji kunyimwa leseni na mtu yeyote. Atapiga hesabu, ataona safari hailipi, atalipeleka gari njia nyingine. Ukiongeza na kupunguza leseni juu yake, umemalizia kabisa.

Wenye mabasi nao si malaika, tukubali. Mara ngapi mtu wa Gairo anaambiwa alipe nauli ya mpaka Dodoma la sivyo asubiri gari lingine? Mara ngapi anapitwa na vumbi kwa sababu konda anataka wa mbali? Kero hiyo ilikuwepo kabla ya SGR, na ndiyo maana sitetei mambo yabaki kama yalivyo.

Ninachotaka ni leseni za vipande. LATRA, mamlaka inayotoa leseni za mabasi, itoe njia ya Morogoro–Dodoma, kama kilomita 260, na njia ya Gairo–Dodoma, zenye ratiba inayojulikana na nauli ya umbali halisi, hata kwa Coaster. Anayehofia ajali angepaswa kuunga mkono wazo hili kuliko wote: dereva wa safari fupi ya mchana hachoki kama anayekesha usukani usiku kucha, na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku.

Halafu kuna suala la kutegemea njia moja. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yaliharibu reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Barabara ndiyo iliyobeba nchi. Januari 2014 ikawa zamu ya barabara: maji yalivunja daraja la Dumila, mabasi yakakwama pande zote mbili. Najua reli mpya imejengwa kwa madaraja na mahandaki ya kisasa pale Kilosa, na imeinuliwa kuliko ile ya mkoloni. Lakini milima ni ile ile na mvua ni zile zile. Makao makuu ya nchi hayawezi kuwa na mlango mmoja.

Nakaribisha mnaopinga. Ila anayetaka leseni zipunguzwe anijibu hili moja: yule mama akitoka kliniki saa kumi jioni na mtoto mgongoni, Kibaigwa anarudi na nini?