Kariakoo ibaki mtaa wa watu au igeuke godauni? Tujadili

Kuna hoja inazunguka siku hizi eti Kariakoo ya Dar ni soko bwana, wakazi waliobaki wauze wasepe zao Chanika huko pembeni ya mji na nyumba za chini zote zivunjwe yapande maghorofa. Mimi napinga, na wala sio kwa mapenzi ya vitu vya kale.

Kariakoo ilipimwa kuwa makazi. Mjerumani ndo alianza kuchora ile mitaa iliyonyooka, vita vya kwanza vya dunia wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, wakapiga kambi pale na jina likabaki, halafu Mwingereza akagawa mji mapande matatu, Wazungu kule baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuwatenganisha. TANU imezaliwa pale 1954, sasa hivi panaitwa mtaa wa Lumumba, Simba wako Msimbazi na Yanga Jangwani, hivi vyote vimeletwa na watu waliokuwa wanalala pale, sio wateja wa jumla.

Sasa njoo kwenye kiwanja chenyewe. Kilikatwa kienee nyumba ya kiswahili, vyumba sita, korido katikati, baraza mbele, jiko na choo uani, basi. Leo hapohapo linasimama ghorofa nane ukuta kwa ukuta na jirani, chini wanachimba tena wapate frem za maduka zaidi, maana kilemba, ile hela ya kuachiwa frem, cha frem moja tu pale kinajenga nyumba Goba! Novemba 2024 jengo limeanguka, watu zaidi ya 20 wakafa, na zikatoka habari kwamba mafundi walikuwa wanachimba chini.

Warithi siwalaumu, nyumba moja mko kumi na kila mtu anataka chake, akija tajiri na mkoba mtakataa? Maghorofa yajengwe ila viwanja viwili vitatu viunganishwe, hakuna kuchimba bila jirani kuridhia, na juu wapange watu, sio kujaza marobota ya vitenge na plastiki mpaka dari. Soko kuu liliungua usiku Julai 2021. Mtaa usio na anayelala, moto ukianza saa nane za usiku kwenye stoo ya ghorofa ya tano nani anaushtukia, mlinzi aliyeko chini getini?

Wale wa "wakazi waondoke" naombeni mnijibu hilo kwanza, mambo ya mapato tutayafikia.