Wageni 12 wikiendi nzima Kampala: luwombo nyumbani inawezekana? Na Jumapili twende wapi?

Mgeni wa Ntinda

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wenyeji na wageni wenzangu mlioko Kampala. Mwisho wa wiki ijayo tunakutana marafiki kumi na wawili nyumbani Ntinda: Watanzania watano, Wakenya watatu, Waganda watatu na Mkongo mmoja wa Bukavu. Wanne ni Waislamu na mmoja hali nyama kabisa. Wanafika Ijumaa jioni, Jumamosi tunashinda nyumbani, na Jumapili tungependa kutoka kidogo kabla kila mtu hajarudi kwake.

Vifaa: sigiri (majiko ya mkaa) mbili kubwa, gesi ya mafiga mawili, sufuria ya lita 30 na ya lita 20. Uani kuna kibanda cha mabati kisicho na kuta. Chakula kikuu nataka kiwe cha hapa: matoke, yaani ndizi za kupika, yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, na luwombo, yaani kitoweo cha karanga kinachofungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Pilau kila mtu anaipata kwao.

Ninunue kiasi gani, nianze saa ngapi ili watu wale saa nane mchana, na ni wapi watu hukosea? Halafu hiyo Jumapili, Jinja au Entebbe?

Jiko la Kansanga

Karibu sana, ndugu. Kabla ya vipimo, panga karamu moja tu, ya Jumamosi mchana. Mwenyeji anayepika karamu tatu mfululizo hakai na wageni wake, anawasikia wakicheka akiwa uani. Ijumaa iwe chai, chapati na maharage, watu wapige soga walale.

Matoke: kwa watu 12 unahitaji kama kilo sita yakiwa yamemenywa. Maganda na mkono wa mkungu huchukua karibu nusu ya uzito, kwa hiyo tafuta mkungu wa kilo 12 hadi 15. Nenda soko la Kalerwe au la Nakawa Ijumaa asubuhi. Mwambie muuzaji wazi kwamba ni matoke ya kula, maana mbidde, zile za pombe, kwa macho ya mgeni zinafanana nayo na zikipikwa zinakaba ulimi. Ndizi ziwe zimejaa na ngumu mpaka nchani. Zikianza kulainika, chakula kitakuwa na utamu na Waganda wako watatu watajua tonge la kwanza.

Hapo hapo nunua majani. Ya matoke yawe mapana, idadi kama kumi na mawili. Ya luwombo ni machanga zaidi na yasiwe na mpasuko hata mmoja; chukua 30, mawili kwa kila kifurushi na yanayobaki ni akiba, kwa sababu mengine yatapasuka mkononi. Usisahau kamba za mgomba za kufungia. Ziloweke maji usiku, kamba kavu hukatika ukiivuta.

Kuku: watatu wa kienyeji, kila mmoja vipande vinne vikubwa. Karanga: kilo moja na nusu, nusu kilo na kidogo za ndani ya vifurushi na nyingine za mchuzi wa pembeni. Nunua karanga nzima, chambua zenye ukungu na zilizosinyaa, kisha zisagwe ukiona. Unga wa karanga uliokaa gunia wazi huwezi kujua ulisagwa na nini, na sumu ya ukungu haitoki kwa kupikwa.

Saa za Jumamosi sasa. Saa mbili asubuhi washa makaa. Banika vipande vya kuku dakika 15 hadi 20 mpaka ngozi iwe kahawia na ishike moshi. Hatua hii ndiyo ladha yenyewe ya luwombo, usiiruke. Wakati huo mtu mwingine apitishe majani juu ya makaa, upande huu na huu, sekunde chache tu, mpaka yang'ae, yawe ya kijani kilichokolea na yakunjike bila kulia. Kisha kwa kisu chenye makali punguza uti wa jani mgongoni, usitoboe.

Tandika jani ndani ya bakuli la supu, juu yake lingine kwa mkingamo. Weka kipande cha kuku, vipande vya kitunguu na nyanya, chumvi, vijiko viwili vikubwa vya unga wa karanga ulioyeyushwa kwa maji ya vuguvugu hadi uwe kama uji mzito. Kusanya kingo juu, funga shingo imara. Bakuli linakusaidia kifurushi kisimame na kisivuje unapofunga.

Chini ya sufuria panga vipande vya mgongo wa jani, maji yafike chini ya vipande hivyo, yasiguse vifurushi. Panga vifurushi shingo juu, funika kwa majani halafu mfuniko. Kuku wa kienyeji anataka saa tatu na nusu, kwa hiyo saa nne na nusu awe motoni. Kosa kubwa ni maji kukauka: harufu ya kuungua huingia kwenye kila jani na hakuna dawa. Sikiliza sufuria, ukiacha kusikia mchemko, ongeza maji. Yawe ya moto kutoka kwenye gesi, ya baridi yanaua mvuke.

Matoke: menya saa tatu. Paka mikono mafuta kwanza, utomvu unatia weusi usiotoka hadi Jumatatu. Kila ndizi ikimenywa iingie majini isibadilike rangi. Funga zote katika majani kama bahasha kubwa, weka kwenye sufuria ya pili saa tano. Baada ya saa moja na nusu, fungua kidogo uangalie: zikishakuwa njano na laini, funga tena, shika kitambaa nene na ukande kutoka juu ya majani, kwa nguvu, upesi. Ukichelewa hata kidogo yakapoa, mabonge hayavunjiki tena. Rudisha kwenye moto mdogo mpaka saa nane. Watu wengi huishia kwenye kukanda, wakapakua. Matoke ya hivyo yanaliwa, lakini hayana ule ulaini na harufu ya jani.

Dada wa Bombo

Kaka, Jiko amekupa vizuri, naongeza ya wageni wenyewe.

Kwanza waulize Waganda wako muziro wao kabla ya kwenda sokoni. Kila ukoo wa Buganda una kitu usichokila. Wa Butiko hawali uyoga, wa Nsenene hawali senene, wa Mmamba hawali kambaremamba. Naona mgeni asiyekula nyama utataka kumfungia luwombo ya uyoga na karanga, na ni nzuri sana, lakini usiigawe kwa wote bila kuuliza. Kuuliza muziro si aibu, watu hufurahi na utapata hadithi za ukoo mpaka jioni.

Kwa Waislamu wanne: mnunuzi aulize kuku anachinjwa na nani, achinje aliye Mwislamu, basi chakula kizima kinakuwa cha wote na hakuna sufuria mbili. Kama kuna wanaotaka nguruwe, waende Ijumaa usiku sehemu zinazouza, wakale huko huko. Msilete nyumbani, na msiibanike kwenye wavu utakaobanikia kuku kesho yake. Na huko wasikubali nyama yenye wekundu katikati. Nguruwe wa huku wengine huzurura, na minyoo ya tegu ni jambo la kweli.

Kinywaji cha kuwaunganisha wote ni munanansi. Osha mananasi matatu kwa brashi, menya, nyama yake weka kwa matunda ya baada ya chakula. Maganda yatie kwenye lita tano za maji pamoja na tangawizi gramu 100 iliyotwangwa, chemsha dakika 40, mwishoni tia majani ya chai kijiko kimoja cha chakula. Acha ipoe ikiwa imefunikwa, chuja kwa kitambaa, ndipo utie sukari na iingie kwenye friji. Ipike Ijumaa. Ikilala nje ya friji huanza kuchacha, na hapo Waislamu wako hawatainywa.

Maji ya kunawa yaje na jagi na beseni, anza na mkubwa kwa umri. Luwombo haifunguliwi jikoni: kila mtu anawekewa kifurushi chake kwenye sahani na kinafunguliwa mbele yake, mvuke umpige usoni. Mkishamaliza, Waganda watakuambia "webale kufumba", yaani asante kwa kupika, nawe wajibu "mwebale kulya", asanteni kwa kula.

Mhaya wa Kibuye

Wakuu, napingana kidogo kuhusu kiasi. Mtu wa Mombasa au Dodoma hali matoke kama mtu wa Masaka. Kilo sita zitabaki. Ila usipunguze mkungu, punguza ya kukanda: pika kilo nne na nusu, na ndizi zilizobaki zikae na ganda lake kwa ajili ya katogo ya Jumapili asubuhi. Ongeza wali kilo moja kwenye gesi kwa wasioweza kushiba bila wali, wala usione vibaya.

Katogo haihitaji fundi. Menya ndizi kama 30, kaanga kitunguu na nyanya, tia maharage yaliyokwisha kuiva (uliyobakisha Ijumaa), panga ndizi juu, maji yafike nusu ya ndizi, funika dakika 40. Usikoroge koroge, itakuwa uji. Huku wengi huipenda na utumbo wa ng'ombe, lakini utumbo unataka kuoshwa na kuchemshwa saa mbili kabla, na Jumapili asubuhi hakuna mwenye nguvu hizo. Sisi wa Bukoba ndizi na maharage ndiyo chakula cha nyumbani, kwa hiyo Mtanzania wa Kagera akiwa katikati yenu mwachie sufuria hiyo yeye.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uzito wote: Kampala mvua ya mchana haipigi hodi. Ikinyesha, sigiri ibaki chini ya kibanda chako kisicho na kuta. Usiiingize ndani kwa sababu tu wageni wanaona baridi, hata kama makaa yanaonekana yametulia. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Mgeni wa Ntinda

Nimeandika yote, asanteni sana. Dada wa Bombo, la muziro sikulijua kabisa. Swali dogo kwa Jiko: vifurushi kumi na viwili vitaenea sufuria ya lita 20, au nigawe?

Jiko la Kansanga

Visibanwe. Luwombo kwenye ya lita 30, matoke kwenye ya lita 20, yatatosha. Vifurushi vikisongamana, vya katikati vinapasuka na vya juu havipati mvuke. Mkaa uwe madebe mawili, na anza debe la pili kabla la kwanza halijaisha. Sigiri ikizimika saa sita, chakula ni saa kumi.

Dereva wa Mukono

Habari za humu. Nijibu la Jumapili.

Jinja ni kilomita 80 hivi, lakini barabara hiyo ndiyo ya malori yote ya Kenya. Kwenda, ukitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ni raha. Kurudi Jumapili jioni, kuanzia Lugazi mpaka Mukono unaweza kukaa kwenye foleni muda mrefu kuliko mliokaa kwenye chanzo cha Nile. Kwa watu waliokula Jumamosi kutwa na wanaotaka kurudi makwao siku hiyo hiyo, mimi nasema Entebbe. Jinja ni ya wikiendi ambayo mnalala huko. Isipokuwa Wakenya wako watatu: kama wanarudi Busia au Malaba kwa gari, wao Jinja iko njiani. Waambie wasimame Namawojjolo, kabla ya msitu wa Mabira, wale kuku wa kijiti na gonja (ndizi tamu) ya kuchoma. Wachuuzi watakimbilia dirishani kumi kwa mpigo. Fungueni dirisha moja tu, shikeni kijiti muone kama nyama ni ya moto, mkubaliane bei, ndipo mtoe pesa. Kuku aliyepoa ameshazungushwa kwenye magari mengi, mwacheni.

Entebbe ni kama kilomita 40. Kuna barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018, tozo ilianza 2022. Ukitokea Ntinda pitia barabara ya mzunguko ya Northern Bypass uikute kule Busega, usikatize mjini. Ondokeni saa nne baada ya katogo. Bustani ya mimea ya Entebbe ipo tangu 1898, ina miti mikubwa, tumbili na kivuli mpaka ufukweni, mnatandika mikeka na kukaa. Mchana kuleni sato mzima wa kukaanga sehemu yoyote ya ufukweni. Ila kwa watu 12, mmoja atangulie kuagiza, na amchague samaki kabla hajakaangwa: macho angavu, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Samaki mmoja wa nusu kilo hadi gramu 700 kwa kila mtu, na mngoje kama saa nzima. Msiingie ziwani kuogelea wala kutembeza miguu kwenye majani ya ukingoni, kichocho kipo.

Anayeendesha asinywe. Polisi wanawapima madereva pumzi kutafuta pombe, watu huuita upimaji huo Kawunyemu, na Jumamosi na Jumapili ndizo siku zao. Hata kutoka Ntinda kwenda kwenye baa za Kabalagala Ijumaa usiku, kodini gari.

Michango ikusanywe kwa simu kabla ya Alhamisi, mtu mmoja ashike, ya chakula mbali na ya usafiri. Anayekuja Jumamosi tu asilipie Entebbe. Mkichanganya, Jumapili jioni ndipo maneno huanza.

Dada wa Bombo

Nimekumbuka moja. Vifurushi vyote vitafanana vikitoka motoni. Cha asiyekula nyama kifunge mafundo mawili na ukiweke juu kabisa, pembeni, kisidondokewe na mchuzi wa kuku. Na unapobanika kuku, uyoga wake ubanike kwanza kabla wavu haujashika mafuta.