Kaka mkono umelegea, ulimi mzito: nimpeleke kuchuliwa?

Mdogo wa Mwisho: Wakuu, habari. Kaka yangu mwezi wa pili sasa mkono na mguu wa kulia vinalegea taratibu. Ulimi mzito, anajigonga milangoni kama haoni upande mmoja. Presha ipo sawa. Daktari anataka MRI, ile picha ya ubongo, hela ndefu. Kuna mzee Handeni anachua kiharusi. Tumpeleke?

Kibajaji: Mjomba alichuliwa akapona. Sasa anatudai shamba alilotugawia akiwa kitandani 😂

Mama Swaumu: Pole mwanangu. Sala kwanza.

Tabibu Mstaafu: Kiharusi hukupiga ghafla, hakikunyemelei miezi miwili. Ana shida ya kinga?

Mdogo wa Mwisho: Hilo linahusianaje na mkono?

Tabibu Mstaafu: Linahusiana sana. Jibu.

Mdogo wa Mwisho: Haya. Alikuwa anatumia ARV. Aliacha mwaka jana baada ya maombi. Alinenepa, alikuwa na furaha, ningemzuiaje?

Mama Swaumu: Nimesema sala, sijasema aache dawa!

Tabibu Mstaafu: Basi nahofia PML, ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kirusi cha JC. Kirusi hicho wengi wetu tunacho, kimelala hasa kwenye figo. Kinga ikianguka, mara nyingi CD4 (askari wa kinga kwenye damu) chini ya 200, kinashambulia ubongo na kuharibu utando unaofunika nyuzi za neva. Hakina dawa yake maalumu. Tegemeo ni kuirudisha kinga kwa ARV. Aanze chini ya daktari, maana kinga ikiamka kwa fujo anaweza kuzidiwa. Ila inaweza kuwa toksoplazma (vimelea vya ubongo) au TB ya ubongo, na hizo zina dawa. Ndiyo kazi ya MRI na maji ya uti wa mgongo.

Mdogo wa Mwisho: Tiketi za Handeni nimeshakata, na mzee kapokea kishika uchumba. Tukirudi ndiyo MRI.

Tabibu Mstaafu: Ubongo unaoharibika hausubiri urudi.

Chuma cha Pua: Wazee, hii chai, tena ya rangi. Huyu majuzi aliuza pikipiki humu, "ya marehemu kaka".

Mdogo wa Mwisho: Nilikuwa na kaka wawili.

Chuma cha Pua: Wa tatu yuko Handeni anachua?

Tabibu Mstaafu: Iwe chai, iwe uji, kuna mwingine anasoma huku kaacha dawa. Kesho asubuhi CTC, kliniki ya ARV, siyo stendi.

Kibajaji: Mdogo wa Mwisho, pikipiki bado ipo?

Mdogo wa Mwisho: Ipo. Njoo PM.