Nyasi bandia kwenye uwanja wa nyumba Goba: nichague zipi, na zitunzwe vipi?

MkaziGoba

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kutandika nyasi bandia majumbani mwao hapa Dar es Salaam, au wa mafundi wanaozifahamu kwa kazi, maana kila duka nililoingia Kariakoo limenipa maelezo yanayopingana na ya duka la jirani.

Uwanja wangu uko mbele ya nyumba, na una urefu wa mita 8 kutoka mashariki kwenda magharibi na upana wa mita 6. Upande wa mashariki kuna mwembe mkubwa, na chini yake ukoka umekataa kabisa kuota. Upande wa magharibi hauna kivuli chochote na hupigwa na jua kuanzia saa sita mchana mpaka jioni. Udongo ni wa mfinyanzi, na wakati wa masika maji hutuama karibu na ngazi za baraza kwa muda mrefu baada ya mvua kukatika. Nina watoto wadogo na mbwa mmoja. Kilichonisukuma kufikiria nyasi bandia ni maji: ya DAWASA nayaweka kwa matumizi ya ndani, na ya kisima yana chumvi kiasi kwamba maua mengi yaliyomwagiliwa kwayo yameungua majani. Tangu ule mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji, sithubutu tena kutegemea bomba kwa ajili ya bustani.

Muuzaji mmoja ananishauri nichukue nyasi za milimita 40 kwa kuwa ni nzito na laini. Mwingine anasema za milimita 25 zinatosha, tena anadai kwamba naweza kuzitandaza moja kwa moja juu ya udongo uliosawazishwa, bila kuchimba. Naomba kujua ni urefu upi na plastiki ya aina gani inayofaa, kama ni kweli kuchimba hakuna ulazima, na namna ya kushughulika na mkojo wa mbwa pamoja na majani ya mwembe.

Fundi wa Bustani, Tegeta

Ndugu MkaziGoba, nianze na hilo la kutochimba, kwa sababu ndilo litakaloamua kama fedha yako itadumu. Nyasi zilizotandazwa juu ya mfinyanzi mtupu hupendeza mpaka masika ya kwanza. Mfinyanzi huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, hivyo zulia hufanya mabonde, viungo hufumuka, na maji yaliyokuwa yakituama juu ya ardhi sasa hutuama chini ya zulia, mahali ambapo huwezi kuyafagia wala kuyaona, utayajua kwa harufu tu. Mfinyanzi wa Goba si sawa na mchanga wa Mbezi Beach ulio karibu na bahari, ambao hunywa maji wenyewe. Huenda huyo muuzaji amezoea wateja wa huko.

Kazi inayotakiwa ni kuondoa udongo wa juu kwa kina cha sentimita 10 hivi, kisha kuweka kokoto ndogo kwa sentimita 7 na vumbi la mawe kwa sentimita 3 zilizobaki, kila tabaka likishindiliwa kwa mashine na si kwa miguu. Uso wa mwisho uwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1, ukielekea mbali na ngazi za baraza. Kwa kuwa chini ya kokoto bado kuna mfinyanzi, maji yakishapenya lazima yapewe njia ya kutokea, kwa hiyo laza bomba lenye matundu upande wa chini wa mteremko na ulielekeze kwenye shimo la kunyonya maji au kwenye mtaro. Pembeni pote jenga ukingo wa zege wa kushikilia kokoto zisitawanyike.

Kabla ya kumwaga kokoto, shughulika na gugu la ndago. Ndago wana viazi vidogo chini ya ardhi, na ncha zao ni kali kiasi cha kutoboa hata kitambaa cha kuzuia magugu. Kuwakata juu hakusaidii kitu, kwa hiyo mwambie kibarua achimbe viazi vyenyewe na avitoe nje ya kiwanja, asivifukie pembeni. Kitambaa hutandikwa baada ya hapo.

Kuhusu nyasi zenyewe, polietilini ndiyo laini na ndiyo inayofaa mahali pa watoto. Polipropilini ni ya bei nafuu lakini ngumu, na isipotiwa kinga ya kutosha dhidi ya jua hupauka na kukatika upesi. Nailoni hustahimili kukanyagwa kuliko zote, ila bei yake ni kubwa. Bidhaa nyingi huchanganya, yaani nyuzi ndefu za polietilini na vile vinyweleo vya kahawia vilivyojikunja chini yake vya polipropilini, na mchanganyiko huo hauna ubaya wowote.

Milimita 40 sizipendekezi. Nyasi ndefu hulala zikikanyagwa, hushika majani makavu, na huficha uchafu wa mbwa. Chukua milimita 25 hadi 30 zilizoshonwa kwa msongamano. Uwe makini pia na neno "nzito", maana wauzaji wengine hutaja uzito wa zulia zima, na mgongo uliopakwa mpira mzito unaweza kulifanya zulia la nyasi chache lionekane la maana kwenye mizani. Uliza uzito wa nyuzi peke yake. Ukikuta kipimo kinachoitwa dtex, hicho ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 10,000. Kinakuambia unene wa uzi, lakini hakikuambii nyuzi ziko ngapi.

Dukani omba kipande cha sampuli. Kikunje kwa nyuma: ukiona mgongo wote uko wazi kati ya mistari ya ushonaji, nyuzi zimeshonwa kwa kuachana sana. Vuta kishungi kimoja kwa vidole. Kikitoka bila kupinga, mpira wa mgongo haukushika. Kisha kimwagie kikombe cha maji uone kama matundu ya nyuma yapo kweli na yametobolewa mpaka upande wa pili, kwa sababu nimepata kushika zulia ambalo matundu yake yalikuwa alama tu.

Mama Pacha

Fundi ameeleza vizuri sana, ila naomba niongeze jambo ambalo halisemwi dukani hata kidogo, nalo ni joto. Nyasi za asili hujipoza kwa kutoa maji kupitia majani yake. Plastiki haina uwezo huo, na kwenye jua kali uso wake unaweza kupita nyuzijoto 60 hata kama hewa ni nyuzijoto 32 tu. Huo upande wako wa magharibi, kuanzia Desemba mpaka Machi, watoto hawataweza kuukanyaga pekupeku saa nane mchana, na mbwa naye ataukimbia. Kunyunyizia maji hupoza kweli, lakini baada ya dakika ishirini hivi joto huwa limesharudi karibu na pale lilipokuwa, na maji yenyewe ndiyo uliyokuwa ukiyakwepa. Kwetu Mikocheni tulitandika sehemu yenye kivuli cha ukuta pekee, na hatujajuta.

Angalia na madirisha. Kama nyumba yako au ya jirani ina vioo vile vya kuakisi, ambavyo aliye nje hujiona mwenyewe, mwanga unaorudishwa unaweza kuyeyusha nyasi kwa mstari mmoja ulionyooka. Jiko la mkaa nalo lisisogezwe huko kabisa. Cheche moja ya nyama choma huacha tundu lisilozibika ila kwa kukata kiraka.

Kuhusu mbwa: kinyesi kiondolewe mapema, na mahali alipokojoa pamwagiwe maji ya kutosha siku hiyo hiyo, kwa sababu mkojo ukikauka juu ya mkojo ndipo harufu inapoanza kukaa. Mara moja kwa wiki sisi hunyunyizia siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, tunaiacha kidogo, kisha tunasuuza. Usitumie maji ya kisima chako kwa kusuuza mara kwa mara, maana chumvi itabaki kama unga mweupe kwenye shina za nyasi. Majani ya mwembe ni makubwa, hivyo reki ya plastiki inatosha. Walio na mwarobaini ndio wenye kazi, kwani vijani vyake hupenya katikati ya nyuzi. Embe bivu likianguka liondolewe kabla halijapasuka, la sivyo utawakaribisha nzi na sisimizi. Kwa kusimamisha nyasi zilizolala, tumia fagio gumu la nailoni ukifagia kinyume cha mlalo wake. Brashi ya waya ni marufuku.

Bwana Shamba Mstaafu

Salaam. Nimesoma yote, na ninatofautiana na fundi kwenye jambo moja zito. Ushauri wa kuchimba sentimita 10 na kushindilia kwa mashine ni sahihi kwa uwanja wazi, lakini chini ya mwembe ni kuuua mti. Mizizi mingi inayonyonya maji na chakula iko karibu na uso wa ardhi, nayo inahitaji hewa. Ukiikata kwa jembe na kuibana iliyobaki kwa mashine, mti hautaanguka kesho, bali utaanza kukauka matawi ya juu taratibu, na hakuna atakayekumbuka kuyalaumu mazulia.

Pili, kwa nini nyasi bandia zitandikwe uwanja mzima? Upande wa mashariki nyasi halisi hazioti kwa sababu ya kivuli, na hapo plastiki ina hoja. Upande wa magharibi una jua la kutosha; kinachokosekana ni maji matamu. Ipo nyasi ya paspalamu ya pwani, ambayo kwa asili huota kwenye fukwe na kustahimili maji ya chumvi kuliko ukoka kwa mbali. Inaweza kuishi kwa maji ya kisima chako, kwa masharti. Mfinyanzi uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza ili maji yapite, kwa sababu chumvi ikirundikana kwenye mfinyanzi huufanya mgumu na usiopitisha maji. Mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na mvua za masika na vuli zitakusaidia kuiosha. Pima kwanza maji ya kisima, kwani kustahimili chumvi nako kuna mpaka wake.

Nami nina kinyongo changu cha muda mrefu na plastiki, sifichi. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, halafu tunatandika majora ya plastiki uani. Wauzaji hutaja maisha ya miaka 8 mpaka 15, na kwa jua letu mimi ningehesabu ile ya chini. Zikichakaa, nyuzi zake hukatika na kusombwa na mvua kuelekea mitaroni, na zulia lenyewe, lenye plastiki za aina mbili tatu zilizogandishwa kwa mpira, si rahisi kulirejeleza. Safari yake ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Kama ni lazima, basi liwe dogo.

MkaziGoba

Nawashukuru sana wote, na Mzee Bwana Shamba shikamoo. Nimeshawishika kugawa uwanja: mashariki nyasi bandia, magharibi paspalamu baada ya kupima maji. Sasa Fundi, kama chini ya mwembe siruhusiwi kuchimba wala kushindilia kwa mashine, na udongo ni ule ule wa mfinyanzi, zulia litakaa juu ya nini? Na je, nahitaji pia mchanga wa kunyunyizia juu ya zulia?

Fundi wa Bustani, Tegeta

Mzee yuko sahihi kuhusu mizizi. Mimi nilijibu kwa uwanja mzima. Chini ya mti badala ya kushuka utapanda. Kwangua magugu tu bila kugusa mizizi, kisha tandika kitambaa kinachopitisha maji na hewa, na juu yake kokoto ndogo zilizooshwa, zisizo na vumbi, kwa sentimita 4 au 5, zilizosawazishwa kwa reki na kugongwa kwa mkono. Halitakuwa gumu kama uwanja ulioshindiliwa, na pengine baada ya masika utalazimika kufunua pembe moja na kuongeza kokoto, lakini mti utapumua. Kuzunguka shina acha duara la mita 1 kila upande bila zulia na ulijaze kokoto kubwa zilizolegea, usilizungushie zege.

Mchanga unahitajika, ndio, ili zulia liwe zito na nyuzi zisimame. Tumia mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa, kilo 5 hivi kwa kila mita ya mraba, ukiusukuma chini kwa fagio siku ambayo nyasi ni kavu kabisa. Mchanga wa baharini usiutumie, kwa sababu ya chumvi. Kivulini unyevu hukaa, hivyo ukiona utelezi wa kijani piga fagio na siki ile ile ya Mama Pacha.

Kugawa uwanja kumekupunguzia pia gharama ya kuunganisha. Majora mengi huja na upana wa mita 2 au 4. Sehemu yako ya mashariki sasa ni mita 4 kwa 6, kwa hiyo kipande kimoja cha jora la mita 4 kinatosha bila kiungo hata kimoja. Mwambie muuzaji akate urefu wa mita 6 na sentimita 20 ili upate pa kupunguza, na ule mpasuo wa kupitishia shina uupige kutoka upande wa ukuta, ili ukikaa barazani usiuone.